Usione vyaelea: simba wa jukwaani na watu wa nyuma ya pazia

Huku Wadi Bani Khalid joto limeanza kupungua, watalii wamerudi kwenye mabwawa, na sisi wa kituo cha afya tumerudi kushona magoti ya wanaoteleza kwenye mawe. Leo siongelei viza wala mshahara. Naongelea maigizo makubwa ya muziki, yale ya watu kuruka hewani na milima kuota sakafuni.

Msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kubisha ajiandae: ujanja wa jukwaani unaomwonesha mtu anayeufanya ni bora kuliko ule unaomficha. Na kama ni lazima afichwe, basi asisahauliwe.

Mwishoni mwa mwaka 2022 onesho la The Lion King lilifika Etihad Arena, Abu Dhabi. Tukafunga safari wauguzi wanne, baada ya kubadilishana shifti mpaka tukakoma. Mnaijua hadithi: filamu ya katuni ya mwaka 1994, wahusika wamepewa majina yetu, Simba, Rafiki, Pumbaa, hadi yule fisi Shenzi. Mwaka 1997 mama mmoja Mmarekani, Julie Taymor, aliigeuza kuwa igizo la jukwaani huko New York, na mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony ya uongozaji wa igizo la muziki. Linaoneshwa hadi leo.

Sasa hebu fikiria kazi aliyopewa. Utaletaje mbuga nzima ukumbini? Wengine wangewavika watu manyoya na kuwafunika gubigubi. Yeye hakutaka. Twiga ni mtu anayetembea kwa miguu na mikono yote minne juu ya mironjo, shingo ndefu ikiwa imefungwa kichwani mwake, na uso wake unauona. Duma ni kikaragosi kilichofungwa mbele ya mchezaji: dada akigeuza kichwa chake, duma naye anageuza. Swala watatu wanabebwa na mchezaji mmoja, mmoja kichwani na wawili mikononi, akiruka wanaruka wote. Kinyago cha Mufasa kimekaa juu ya kichwa cha mwigizaji, hakimzibi sura. Ukikiona utadhani ni gogo la mninga, kumbe kina uzito wa gramu 300 hivi tu, kwa sababu mtu atakibeba usiku baada ya usiku na shingo ni yake.

Ukame je? Bwawa ni kitambaa cha hariri kilichotandazwa sakafuni. Kinavutwa polepole kupitia tundu la katikati, maji yanapungua mbele ya macho yako hadi yanakwisha. Majike wa simba wakilia, utepe mweupe unatoka machoni mwao. Na lile kundi la nyumbu linalokuja kumkanyaga Mufasa: mbali kabisa kuna wanyama wadogo waliochorwa, mbele yao magurudumu marefu yanayozunguka yakiwa na nyumbu wakubwa zaidi, na mbele kabisa wachezaji wenye vinyago vikubwa. Jicho linajazia lenyewe kwamba wanakaribia. Nilijua kabisa ni magurudumu, na bado nilirudi nyuma kwenye kiti!

Mwenzetu mmoja, dada wa Kerala, hakufurahi. Njiani kurudi alisema, "Nimelipa pesa zote zile kuona mtu amebeba mdoli?" Yeye anapenda mambo ya Phantom of the Opera, igizo lililoanza London mwaka 1986 na kufika Dubai Opera mwaka 2019. Kule taa kubwa ya vioo inaporomoka kutoka darini, mashua inateleza yenyewe ukunguni, na mishumaa inachomoza sakafuni. Humwoni fundi hata mmoja. Anasema ukishajua siri, utamu umekwisha.

Hoja yake siidharau, maana kwetu pia ipo. Mimi ni Mmakonde wa Newala. Ngoma yetu ya vinyago, mapiko, mchezaji hufunikwa nguo hata ngozi yake isionekane, na zamani asiyepita jandoni hakutakiwa kujua ndani kuna nani. Hofu ile ilikuwa na kazi yake. Lakini Wamakonde haohao tuna ngongoti, mtu juu ya miti mirefu, na kila mtoto anaona ni mtu na anaona ni miti. Mbona watoto hawaondoki? Wanakaa kwa sababu wanajua anaweza kuanguka na haanguki. Kwa hiyo dada yangu, kujua hakuui ajabu. Nimesomea moyo chuoni, vyumba vinne na vali zake zote, na bado nikisikia mapigo ya kichanga tumboni mwa mama yake nasisimka.

Ila hoja yangu kubwa si utamu. Ni usalama wa mtu.

Taymor huyuhuyu aliongoza igizo jingine, Spider-Man: Turn Off the Dark, lililogharimu dola milioni 75 hivi. Humo watu waliruka kwa nyaya juu ya vichwa vya watazamaji. Tarehe 20 Desemba 2010, katika maonesho ya majaribio, mchezaji Christopher Tierney alianguka mita kadhaa kwa sababu kamba yake haikuwa imefungwa. Alivunjika mbavu na fuvu, uti wa mgongo ukaumia. Na si yeye wa kwanza kuumia katika onesho lile. Mwaka 2011 idara ya usalama kazini ya Marekani ilipendekeza faini ya dola 12,600. Piga hesabu mwenyewe kando ya zile milioni 75. Tierney alipona, akarudi jukwaani. Taymor aliondolewa kwenye uongozaji mwaka huohuo.

Sisemi nyaya zipigwe marufuku. Nasema kamba ya mruka hewani inafungwa na mkono wa mtu gizani, kwa sekunde chache, na kazi nzima ya yule mtu ni asionekane. Sisi wauguzi tunalijua jambo hilo. Mgonjwa anamkumbuka daktari. Aliyehesabu pamba kabla tumbo halijashonwa, nani anamjua? Lakini wodini tumejifunza kwamba kazi isiyoonekana lazima iwe na orodha, mtu wa pili wa kuhakiki, na ruhusa ya mdogo kabisa kusema "simama". Mahali ambapo kila kitu lazima kionekane kimetokea chenyewe, kusema "simama" ni kuharibu onesho. Hapo ndipo watu wanaanguka.

Onesho linalomwonesha mbebaji, kama lile la simba, halina sababu ya kumwonea haya. Akichoka unaona. Nilipopiga makofi nilijua ninampigia nani.

Hapa Oman kuna Royal Opera House, iliyofunguliwa Maskati mwaka 2011. Jukwaa lake hubadilika: sehemu kubwa yenye kinanda cha mabomba, mamia ya tani, husogezwa kwenye reli ili ukumbi wa tamthilia uwe ukumbi wa muziki. Nilipomsimulia bibi mmoja mgonjwa wangu, mzaliwa wa Unguja aliyerudi huku ujanani na Kiswahili chake hakijapata kutu, alicheka: "Mwanangu, hata maji ya falaji watu wanayaona yanapita tu bustanini. Hawajui babu zao walichimba wapi." Kweli tupu. Mitende ya bonde hili inasimama kwa kazi ya watu wasioonekana.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkienda kwenye onesho, iwe Abu Dhabi au Mnazi Mmoja, msikimbilie gari pazia likishuka. Someni yale majina ya herufi ndogo mwishoni mwa kijitabu: mafundi wa taa, wavuta kamba, washona vinyago. Na waandaaji wa kwetu, kabla hamjaongeza moshi na fataki, ulizeni kwanza nani anashika kamba na nani anamhakiki. Wahenga walishasema, usione vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza: na aliyeviunda ana mbavu.

Haya, wanaobisha karibuni hapo chini. Mnapenda mtu aonekane au afichwe?