Watakatifu wa Jina Moja

Bweranyange, katika nchi ya Karagwe, palikuwa zamani makao ya Bakama. Majina ya wafalme hao ni machache kuliko wafalme wenyewe. Ruhinda alikuwa zaidi ya mmoja, na Ntare vivyo hivyo. Tena jina la Ntare halikukaa Karagwe tu. Nkore ilikuwa na akina Ntare wake, na Burundi wake. Basi mtu akisema, "Ntare alifanya hivi," hajasema neno bado. Hana budi kueleza ni Ntare yupi, wa nchi gani, na mwana wa nani. Asipoeleza, atampa mmoja sifa ya mwenziwe, na mwingine atamtwika kosa asilolitenda.

Jambo linalotakiwa kwa wafalme latakiwa zaidi kwa watakatifu. Walakini wako Wakristo wasemao, "Watakatifu wote wako mbinguni, haidhuru umemtaja yupi." Neno hili lina sura ya heshima, lakini ndani yake mna uvivu. Mungu awajua watu wake bila kuambiwa majina yao. Majina ni kwa ajili ya wanadamu, wapate kujua nani alitenda nini, ili waufuate mfano wake. Asiyejua tendo la mtakatifu wake atafuata nini?

Walioandika Injili walilijua hilo. Katika wale mitume Kumi na Wawili walikuwamo akina Simoni wawili, akina Yakobo wawili, na akina Yuda wawili. Yakobo mmoja alikuwa mwana wa Zebedayo, naye Herode alimwua kwa upanga. Wa pili alikuwa mwana wa Alfayo. Naye Yohana, alipoandika swali la Yuda katika karamu ya mwisho, aliongeza pale pale kwamba huyu siye Iskariote. Maneno yale ni machache, lakini yalimwokoa mtu mwema asihesabiwe kuwa msaliti.

Maria Magdalena hakupata bahati hiyo. Injili zamtaja Maria Magdalena, aliyeponywa pepo saba, akamwona Bwana wa kwanza alipofufuka. Zamtaja Maria wa Bethania, ndugu yao Martha na Lazaro. Tena Luka ataja mwanamke mkosefu aliyeiosha miguu ya Yesu kwa machozi, wala hakuliandika jina lake. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza alihubiri ya kuwa watatu hao ni mtu mmoja. Wakristo wa Mashariki waliendelea kuwatenganisha, lakini katika Kanisa la Magharibi neno lile lilishika mizizi. Kwa miaka zaidi ya elfu moja Magdalena alichorwa na kuhubiriwa kama mwanamke wa aibu, na Maria wa Bethania alikaa katika kivuli chake. Kalenda ya Kanisa Katoliki ilitengenezwa upya mwaka 1969, na Magdalena akakumbukwa kuwa mfuasi wa Bwana tu, si yule mkosefu. Maria wa Bethania alingoja mpaka mwaka 2021, ndipo alipowekwa katika kalenda hiyo pamoja na Martha na Lazaro, tarehe 29 Julai. Hivyo ndivyo kosa la kuchanganya lilivyo: kufanya ni siku moja, kutengeneza ni karne nyingi.

Lakini mfano wa karibu zaidi na Karagwe uko Buganda, ng'ambo ya mto Kagera, nchi ile ile aliyoiendea msafiri Speke mwaka 1862, baada ya kupokewa na Mukama Rumanyika wa Karagwe. Kabaka Mwanga aliwaua huko Wakristo wengi kati ya mwaka 1885 na 1887. Wakatoliki 22 katika hao walitangazwa kuwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita, tarehe 18 Oktoba 1964. Na katika hao 22, watatu waitwa Mukasa.

Si ajabu. Mukasa lilikuwa jina la mzimu ambao Waganda waliuamini kuwa unatawala ziwa la Nyanza, kama Wahaya walivyomtaja Mugasha. Watoto wa kiume wengi walipewa jina hilo.

Mukasa wa kwanza ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana waliotumika katika nyumba ya Kabaka. Mwanga alipoamuru Askofu Hannington auawe, mwaka 1885, Balikuddembe alithubutu kumwambia mfalme ya kuwa ametenda vibaya. Hannington alikuwa Mwanglikana, na Balikuddembe Mkatoliki; lakini hakuuliza dhehebu la mtu kabla ya kuitetea haki yake. Aliuawa tarehe 15 Novemba mwaka ule ule, wa kwanza katika wale 22.

Wa pili ni Adolfu Mukasa Ludigo. Huyu hakuwa Mganda kwa asili. Alitoka pande za Bunyoro na Toro. Alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, pamoja na Karoli Lwanga na wenzake.

Wa tatu ni Mukasa Kiriwawanvu, aliyekufa Namugongo siku hiyo hiyo. Alikuwa angali mkatekumeni. Maji ya ubatizo hayakumfikia, naye akabatizwa kwa damu yake. Kwa hiyo hana jina la ubatizo hata leo. Ni Mukasa Kiriwawanvu tu, na kwa jina hilo la nyumbani Kanisa lilimwandika miongoni mwa watakatifu.

Waanglikana nao wana shahidi wao, Musa Mukasa, wa mwaka 1886. Tena wako akina Noa. Noa Mawaggali, Mkatoliki, alikuwa mfinyanzi, akauawa Mityana tarehe 31 Mei 1886. Noa Walukagga, Mwanglikana, alikuwa mhunzi, akachomwa moto Namugongo siku tatu baadaye. Mmoja alifanya kazi ya udongo, na wa pili ya chuma. Akitajwa Noa tu, kazi na mauti ya wote wawili zimepotea.

Basi watu hawa wapambanuliwe kwa neno gani? Ukisema "Mtakatifu Yosefu," msikilizaji atamfikiri yule seremala wa Nazareti, na Balikuddembe amekwisha kusahauliwa. Ukisema "Mukasa," hajui ni yupi kati ya watatu. Ni jina la nyumbani, lile la mwisho, linalomweka kila mmoja mahali pake: Balikuddembe, Ludigo, Kiriwawanvu, Mawaggali, Walukagga.

Kwa hiyo wamekosea wale wanaoona haya majina ya baba zao, wakadhani ya kuwa Mkristo kamili ni yule aitwaye kwa jina la kigeni peke yake. Husema majina ya nyumbani yananuka upagani. Lakini ni jina gani lingenuka upagani kuliko Mukasa, jina la mzimu wa ziwa? Nalo leo husomwa kanisani. Jina halikumchafua Kiriwawanvu. Kiriwawanvu ndiye aliyelitakasa jina. Jina la ubatizo lamwunga mtu na Wakristo wa mataifa yote, na hilo ni jema. Jina la nyumbani lamtenga na akina Yohana na akina Maria wengine elfu, ili matendo yake yawe yake. Yote mawili yanatakiwa, na mwenye kutupa moja amejipunguza.

Mwanafunzi aitwaye Yosefu, au Noa, au Maria, yampasa kuuliza mambo manne: mtakatifu wake ni yupi, alitoka nchi gani, alifanya kazi gani, na alikufaje. Akiisha kuyajua, ataweza kumwiga. Na aandikapo jina lake katika daftari, aandike na lile alilopewa nyumbani, wala asilifiche. Kwa maana wenzake wa jina la ubatizo ni wengi, na matendo atakayoyatenda, mema au mabaya, hayafai kuandikwa juu ya mtu mwingine.