JEMBE SI ADUI WA KALAMU



Si mara moja tumesikia wenzetu wakinena kwamba mtu aliyesoma hapaswi kuonekana na jembe mkononi. Maneno hayo hatuyakubali, walakini twaungama ya kuwa sisi wenyewe tuliyaamini siku nyingi. Kila mwezi, kabla ya mshahara kufika, tulikuwa tukikopa, na katika daftari la mwenye genge mafungu ya mchicha yaliandikwa chini ya jina letu, hali nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kiwanja kilichojaa magugu.

Hata siku moja tuliona haya, tukaazima jembe. Kwa pupa ya mwanafunzi mpya tulilima mahali pakubwa, tukamwaga mbolea mbichi ya kuku, tukafukia mbegu kwa kina cha kidole kizima, kisha tukamwagilia adhuhuri, siku zile tulizokumbuka. Baada ya wiki 2 hapakuota kitu ila magugu. Ndipo mama mmoja mzee, jirani yetu, asiyejua kusoma, aliposimama penye ua akatazama. Tulipomwamkia na kumweleza, alijibu, “Mwanangu, mbegu hizi hukuzipanda, umezizika.” Sisi ambao kazi yetu ni kusahihisha barua za watu tulisahihishwa siku ile, nasi twashukuru.

Aliyotufundisha ni haya, nasi twayatoa kwa kila aanzaye. Kwanza, lima tuta moja tu, upana wake futi 3, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga udongo. Pili, tia samadi iliyooza hata ikawa kama udongo mweusi. Mbolea mbichi huunguza miche. Tatu, anza na mchicha, maana haukawii: baada ya wiki 3 au 4 huwa tayari kuchumwa. Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu, uzinyunyize katika mistari, kisha uzifunike kwa udongo kidogo tu. Nne, mwagilia asubuhi mapema au jioni kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, ili maji yasizichukue mbegu. Miche ikisongamana, ing’oe mingine. Hiyo nayo ni mboga. Nyanya na zingoje hata mkono uzoee, kwa kuwa huoteshwa kwanza kitaluni, kisha miche huhamishwa jioni, jua likiisha kupoa.

Mambo haya si makubwa. Lakini mtu aliyekaa shuleni miaka mingi huona vigumu kumwuliza asiyesoma, na kwa sababu hiyo bustani nyingi hufa kabla ya kuota. Kitabu ni kizuri. Walakini habari za udongo wa kiwanja chako hazimo kitabuni, anazo jirani yako.

Hatusemi ya kwamba tuta moja litamaliza madeni. Letu halikuyamaliza. Ila katika daftari la genge mchicha haumo tena, na watoto wetu, waliozoea kumwona baba na kalamu tu, sasa hushindania kopo la kumwagilia.

Basi, kabla ya mvua zijazo, kila mwanachama na alime tuta moja. Asiyejua na aulize; wala asione haya kuuliza, bali aone haya kukopa kila siku kitu ambacho kiwanja chake chaweza kumpa.