Mwalimu, fungua saa yako kwanza

Nimerudi chuo salama kutoka mazoezi ya kufundisha, vumbi la Geita bado liko kwenye viatu. Leo siongelei msosi wa kafeteria. Nina hoja moja: mwalimu mtarajiwa anayeogopa kufungua saa yake mwenyewe atawafundisha watoto kuogopa kila kitu chenye skrubu.

Msicheke kwanza.

Wiki ya pili ya TP saa yangu ilisimama katikati ya kipindi. Kipindi ni dakika 40, simu nimeiacha ofisini, ukutani hakuna saa. Nikafundisha weee, mpaka mwalimu wa Kiswahili akaja kusimama mlangoni na chaki zake. Aibu hiyo! Jioni nikasema simtafuti fundi, naifungua mwenyewe.

Vifaa vyangu: sahani nyeupe (skrubu ikidondoka uione), kisu cha mezani, bisibisi ndogo ya miwani, na kibano cha nyusi nilichoazima kwa dada wa pale nilipopanga. Saa nyingi za bei rahisi mfuniko wa nyuma umebanwa tu. Tafuta kale kapengo pembeni, ingiza ncha ya kisu, geuza taratibu. Kama mfuniko ni wa kuzungusha, achana na kisu. Kandamizia mpira mdogo laini wa kuchezea, halafu zungusha kinyume na mshale wa saa. Betri ina namba mgongoni, yangu ilikuwa SR626SW, ukanunue ile ile. Usiibane na kibano cha chuma kikagusa pande zote mbili, utaimaliza kabla haijaanza kazi. Na ile ya zamani usiitupe hovyo. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya masaa mawili.

Buku mbili tu, saa ikaamka.

Kesho yake nikaingia nayo kidato cha pili, mada ya vipeo. Mmoja akauliza kama ile rangi ni dhahabu, wenzake wakamcheka. Watoto wa machimbo hawadanganywi na rangi! Nikawaambia humo ndani kuna kipande cha kwatzi, madini yale yale ya jiwe jeupe linalosagwa kwenye karasha kutafuta dhahabu, ila hiki kimeoteshwa kiwandani. Kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini namba hiyo ya ajabu? Gawa kwa mbili, gawa tena, ukifika mara ya 15 unabaki na 1. Ndicho saketi ya saa inachofanya, na mshale unasogea hatua moja. Darasa likanyamaza, halafu kila mtu akaanza kugawa. Kipindi hicho sikuhitaji kumwamsha mtu.

Sasa kuna mnaosema "peleka kwa fundi". Mna nusu ya ukweli, na ushahidi ninao mwenyewe. Likizo iliyopita nyumbani Shinyanga nilijitia fundi kwenye saa ya baba, ile ya kujijaza kwa mtikisiko wa mkono, aliyoinunua enzi akichimba Nyarugusu. Ilikuwa inachelewa kidogo. Nikaidondoshea mafuta ya cherehani. Yakafika kwenye springi nyembamba kama unywele, mizunguko yake ikanatana, saa ikaanza kukimbia. Usiku mmoja ikajiongezea karibu saa nzima. Baba akadamka kuwahi basi la Geita, akakaa stendi gizani na mlinzi.

Aliporudi hakunigombeza. Aliivua, akaiweka pembeni ya sahani yangu ya michembe, akauliza, "Ulikuwa unatafuta nini humo?"

Sikuwa na jibu. Fundi wa sokoni aliisafisha, hela yangu ya matumizi ikaishia hapo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Betri, mkanda na pini zake, fanya mwenyewe. Saa ya magurudumu, anza na iliyokufa, tena isiyo ya baba yako, na umwombe fundi akuruhusu ukae pembeni uangalie. Mafuta ya cherehani yabaki kwenye cherehani. Na kabla hujaingiza kisu, jiulize swali la mzee.

Elimu ya Kujitegemea wote tunaijua. Tunaandika 1967, tunaandika Mwalimu Nyerere, tunapata maksi zetu. Halafu betri ya saa ikiisha tunatafuta mtu wa kutusaidia! Tutawaambia nini watoto ambao baba zao wanafungua na kufunga mashine za karasha kila siku?

TP ijayo naenda na saa tatu mbovu na kibano changu mwenyewe (cha dada nimerudisha, asije akanisema hapa). Mwenye saa iliyokufa kwenye droo aniletee bwenini.

Naomba kutoa hoja.