Okteni, Tela na Mlima wa Bugarama

Askari apatapo uhamisho, jamaa yake yote huhama pamoja naye. Vitanda, makabati, masufuria na magunia ya maharagwe hupakiwa juu ya tela, tela hufungwa nyuma ya gari, na safari ya kutoka Bujumbura kwenda Gitega, Ngozi au Muyinga huanza. Hapo ndipo swali huzuka: gari linalovuta mzigo mzito lapaswa kupewa petroli ya namna gani? Wako wasemao kwamba petroli yenye okteni kubwa ndiyo yenye nguvu zaidi, nao huitafuta kwa gharama yoyote. Wengine husema petroli ni petroli. Pande zote mbili zimekosea, na kosa hilo laweza kuharibu injini.

Kwanza yafaa tuelewe maana ya okteni. Ndani ya silinda, pistoni hugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche na moto huenea kwa utaratibu. Mchanganyiko huo ukigandamizwa mno na kupata joto jingi, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa cheche. Hapo husikika sauti kama ya changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, na mafundi husema injini inagonga. Kugonga kukizidi, gasketi huungua na pistoni hutoboka. Basi okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli wa kustahimili mgandamizo pasipo kujiwasha. Si kipimo cha nguvu.

Namba inayofaa imeandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi upande wa ndani wa kifuniko cha tangi. Lakini isomwe kwa uangalifu, maana nchi hazipimi kwa namna moja. Namba 87 ya pampu za Marekani ni karibu sawa na 91 kwa kipimo kinachotumika Ulaya na kwetu Afrika Mashariki. Huko Japani, yatokako magari mengi yaliyokwisha kutumika, petroli ya kawaida hutakiwa iwe na okteni isiyopungua 89, na ile ya juu isiyopungua 96. Ikiwa gari lako ni la dizeli, ambayo wengi wetu twaiita mazutu, suala la okteni halikuhusu kabisa. Dizeli ina kipimo chake kiitwacho seteni, na kamwe isichanganywe na petroli.

Sasa tuje kwenye tela. Mzigo mzito huilazimisha injini kuvuta hewa na mafuta mengi katika kila mzunguko, na joto la silinda hupanda. Gari ambalo halikugonga likiwa tupu laweza kugonga likivuta tela. Magari ya kisasa yana kifaa kinachousikia mgongo huo na kuichelewesha cheche. Injini hupona, lakini nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi. Kwa hiyo, ikiwa kitabu chasema okteni 91 yatosha lakini 95 ni bora, siku ya tela ndiyo siku ya kununua 95. Ikiwa chataka 91 tu, na injini haigongi, kuongeza okteni ni kutupa fedha.

Barabara yetu nayo ina tabia yake. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama, mwendo wa kilomita kama 35 tu kutoka Bujumbura, iko juu ya mita 2,000. Hewa huwa nyepesi kadiri unavyopanda. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, lakini hatari ya kugonga nayo hupungua. Basi mahali pa kutega sikio ni chini, mlima unapoanza, ambako hewa ni nzito na joto la bonde ni kali. Ondoka alfajiri. Ingiza gia ndogo mapema, usiilazimishe injini kuvuta kwa gia kubwa na mwendo wa polepole. Ukisikia kugonga, legeza mguu na ushushe gia. Gari lenye tabo halipati nafuu hiyo ya mwinuko, hivyo lipewe okteni yake kamili hadi kileleni.

Lakini kwa mkazi wa Bujumbura, hatari kubwa kuliko zote haiko kwenye pampu. Tangu mwaka 2021 nchi yetu imekumbwa mara kwa mara na uhaba wa mafuta, na katika mwaka 2024 wako waliovuka mpaka hadi Uvira kuyatafuta. Palipo na uhaba, petroli huuzwa kwa chupa na madumu, nayo huweza kuchanganywa na mafuta ya taa. Okteni ya mafuta ya taa ni ndogo mno. Kiasi kidogo tu huishusha okteni ya tangi zima. Mwenye gari hudhani amenunua 91, kumbe amepata pungufu, na injini hugonga akiwa katikati ya mlima na watoto wamekaa nyuma. Usianze safari ya tela kwa mafuta usiyoyajua asili yake.

Ewe mama au baba wa nyumba, mchanganyiko huohuo ni adui jikoni. Mafuta ya taa yaliyoingia petroli huweza kulipua taa au jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye makaa ya moto, hata kama dumu limewekwa chumba cha pili. Dumu la petroli lisilazwe ndani ya nyumba, wala lisisafirishwe ndani ya gari pamoja na watu.

Na ukiisha kufika kileleni, kazi haijaisha. Teremka kwa gia ileile uliyopandia, ili injini isaidie breki kulizuia tela. Tazama nyuma mara kwa mara: vijana wa baiskeli wa barabara hii hushika magari ili wavutwe mlimani. Simama mahali pa salama, uwaombe waachie. Injini iliyoharibika hununuliwa nyingine. Mtoto wa mwenzio hanunuliwi.