Msiri na Mashahidi Wake

Ziwa lile la Nzilo tunalolijua sote halikuitwa hivyo siku zote. Bwawa lilipojengwa juu ya Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, ziwa lilipewa jina la Delcommune. Alexandre Delcommune alikuwa Mbelgiji aliyefika Bunkeya katika Oktoba 1891, naye alitaka Mfalme Msiri aipokee bendera ya serikali ya Leopold. Msiri alikataa. Haikupita miezi mitatu, Msiri alikuwa maiti. Basi mgeni alipewa ziwa zima. Mwenyeji alipewa nini? Alipewa jina la mkatili mnywa damu, nalo ndilo tulilofundishwa shuleni, wazazi wetu na sisi.

Jina la ziwa limekwisha kubadilishwa. Lile la Msiri bado.

Wapo Wakristu wasemao kwamba kumwandikia Msiri hadithi, au kumchezea mchezo jukwaani na kumpa maneno ya mtu mwenye akili na huzuni, ni kuusifu upagani na utumwa. Wasema, yaliyopita yamekwisha andikwa, tuyaache. Sisi hatukubali. Tena twaona ya kuwa neno hili lina hatari kwa roho zaidi ya mchezo wo wote, maana wasemao hivyo wamekwisha kuhukumu kesi bila kuwauliza mashahidi wanatoka wapi.

Na tuwaulize basi. Ni nani aliyetuambia habari za kifo cha Msiri? Ni watu wa msafara wa Kapteni Stairs, yule Mkanada aliyeajiriwa kwa kazi ya Leopold, aliyefika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Daktari wao, Joseph Moloney, alitoa kitabu mwaka 1893. Watu hawa walipandisha bendera bila idhini ya mwenye nchi. Asubuhi ya tarehe 20 Desemba walimfuata mfalme katika kijiji cha Munema, na Kapteni Omer Bodson akampiga risasi akafa. Bodson naye akapigwa na mmoja wa watu wa Msiri, akafa siku ile ile, na kwa ushuhuda wa wenzake alijifariji kwa kuwa ameiokoa Afrika na mdhalimu. Je, walitegemewa kuandika nini watu hao? Kwamba wamemwua mzee aliyekataa kutoa nchi yake? Mtu aliyemwua jirani yake usiku, asubuhi hatuendi kwake kuuliza marehemu alikuwa na tabia gani.

Walisema Msiri alitundika mafuvu ya watu kwenye nguzo za boma lake. Hatukani. Lakini mmoja wao, Marquis de Bonchamps, ameeleza yeye mwenyewe kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa kikatundikwa juu ya mti ili watu wakione. Kumbe nguzo ya Msiri ni ushenzi, na nguzo ya Stairs ni ustaarabu! Mpaka leo haijulikani kwa hakika kichwa hicho kimekwenda wapi.

Yuko shahidi mwingine aliyekaa naye kwa amani. Frederick Arnot, mmisionari Mprotestanti, alifika Bunkeya mwaka 1886 akakaa miaka miwili. (Mapadri wetu hawakuwako bado, ya Bunkeya ya wakati ule tumeyapokea kutoka mikono ya wengine.) Arnot aliona maovu, na aliyaandika. Lakini alimwona pia mzee mwenye ndevu nyeupe aliyempokea kwa upole, akampa nafasi ya kukaa na kufundisha. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alipokuja na karatasi za Waingereza, Msiri hakutia alama kwa pupa kama wengi walivyofanya. Alitaka kwanza kujua maana yake, na alipoijua akakataa. Huyu siye mnyama mkali. Huyu ni mtawala aliyezungukwa na watu wengi kila mmoja akija na bendera yake mkononi.

Mambo haya hayakuzaliwa Katanga. Uingereza kulikuwa na mfalme Richard wa Tatu, Mkatoliki kama Waingereza wote wa siku zile. Aliuawa vitani mwaka 1485, na aliyemshinda akavaa taji. Baadaye zikaja habari: alikuwa na kibiongo, mkono mmoja ulisinyaa, aliwaua watoto wa kaka yake waliofungwa ngomeni London. Shakespeare akamtungia mchezo unaotisha, na malkia aliyetawala siku hizo alikuwa mjukuu wa yule aliyemshinda Richard. Lakini kabla ya Shakespeare, aliyeandika habari hizo kwa ufundi mkubwa alikuwa nani? Mtakatifu Thomas More! Ndiyo, huyo huyo aliyekatwa kichwa kwa ajili ya imani. Richard alipokufa, Thomas alikuwa mtoto wa miaka 7 hivi. Alilelewa kwa muda katika nyumba ya Askofu Mkuu Morton, ambaye Richard alikuwa amemfunga. Twafikiri mengi aliyasikia hapo mezani. Tunamheshimu mtakatifu huyu na kumwomba atuombee. Lakini utakatifu wake haukumfanya shahidi wa mambo asiyoyaona. Kama mtakatifu aliweza kupokea hadithi ya mshindi akaipitisha, sisi ni nani tujione salama?

Ikapita miaka mia kwa mia. Mwaka 1951 mwandishi mmoja mwanamke, Josephine Tey, alitunga hadithi ya polisi aliyelazwa hospitali, anayetazama picha ya Richard na kuanza kuipeleleza kesi yake akiwa kitandani. Ni hadithi tu, lakini ilifanya watu wengi waulize upya. Mwaka 2012 mifupa ya Richard ikafukuliwa chini ya uwanja wa kuegesha magari mjini Leicester, mahali lilipokuwa kanisa la Wafransisko, ndugu za mapadri wengi waliohubiri upande wetu huu wa Lualaba. Na mifupa ilisema nini? Mkono haukusinyaa, hilo lilikuwa uwongo. Lakini uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli. Basi maadui zake waliongeza chumvi, ila chungu kilikuwa na kitu ndani. Na juu ya wale watoto wawili, mifupa ilinyamaza.

Hapa twageukia upande wa pili, nao wasifurahi mapema, yaani vijana wanaotaka kumfanya Msiri shujaa asiye na doa. Tumekwisha kuusikia wimbo huo: Msiri alikuwa baba wa wote, alipendwa na wote, Mzungu ndiye aliyeleta taabu. Sivyo. Msiri alikuwa mgeni katika nchi hii. Alizaliwa Unyamwezi, baba yake Kalasa akifanya biashara ya shaba, na alikuja Katanga karibu na mwaka 1856. Mapokeo yasema Bayeke walileta chanjo ya ndui, na wakuu wa nchi wakawashukuru. Hilo tunalipokea kwa furaha. Lakini ufalme haukujengwa kwa chanjo. Ulijengwa kwa bunduki na baruti, na bunduki zilinunuliwa kwa pembe, kwa shaba, na kwa watu. Misafara ilikwenda mashariki mpaka pwani ya Waswahili, na magharibi mpaka Bihé na Benguela, na katika misafara hiyo walitembea watu wamefungwa. Walikuwa watoto wa nani? Baadhi yetu tusomao ukurasa huu ni wajukuu wa vijiji walivyotolewa.

Mwaka 1891 Basanga waliasi. Chanzo kilikuwa kuuawa kwa mwanamke mmoja wa Kisanga kule Bunkeya, lakini moto ule ulikuwa na kuni za miaka mingi: kodi ya pembe, kodi ya chumvi, na kiburi cha wakubwa. Stairs alipofika alikuta ufalme umekwisha kupasuka na mji una njaa. Mwandishi akiliruka jambo hili hamtetei Msiri. Anafanya yale yale waliyofanya watu wa Stairs, ila kwa upande mwingine.

Tena tusiseme hakuna maandishi ya wenyewe. Mukanda-Bantu, mwana na mrithi wa Msiri, aliacha kumbukumbu zake, na mwaka 1967 Mwami Antoine Mwenda Munongo alitoa kitabu cha historia ya Bayeke. Nao wasomwe kwa macho wazi, maana Mukanda-Bantu alitawala chini ya bendera ya watu waliomwua baba yake, na mtu wa namna hiyo ana maneno anayoyapima kabla ya kuyasema. Na Basanga wanayo yao, wengine bado kwa midomo tu. Wazee hao hawatakaa milele. Mwenye mtoto anayejua kuandika amtume kwa babu na daftari kabla ya masika haya kwisha.

Mtu atauliza, haya yanahusu nini parokia? Yanahusu Amri ya Nane. Tumefundishwa kwamba kumsingizia mtu ni dhambi, na kwamba aliyemwibia mwenzake jina jema hulirudisha, kama mwizi arudishavyo mbuzi. Hatujasoma mahali po pote kwamba amri hiyo hukoma mtu akifa, wala kwamba haimlindi asiyebatizwa. Na kinyume chake vile vile: kumsifu mwuza watu kwa sifa asizokuwa nazo ni kuwasingizia wale waliouzwa, kana kwamba hawakulia.

Katika Machi 2015, kabla Richard hajazikwa upya, Kardinali Vincent Nichols alimtolea Misa ya wafu huko Leicester. Hakungoja kesi ya wale watoto iamuliwe. Mfalme aliombewa kama marehemu ye yote, mwenye dhambi zijulikanazo na zisizojulikana. Msiri hakubatizwa, lakini hakuna sheria inayotukataza kumwombea huruma ya Mungu, yeye na Bodson pamoja, waliokufa siku moja mahali pamoja.

Basi hatusemi mchezo usichezwe. Uchezwe, hata katika ukumbi wa parokia, na tutakuja kukaa mbele. Ila mwandishi na amweke humo yule mwanamke wa Kisanga, tena apewe maneno yake mwenyewe, na ayaseme mbele ya mfalme kabla Bodson hajaingia.