Maji ya Kazinga na Chungu cha Kasese

Jamaa nyingi za maaskari wanaopelekwa Kasese hupafahamu mahali pale kwa joto lake, kwa vumbi la barabarani, na kwa posho na maharage ya kambini. Miaka miwili au mitatu hupita, amri ya uhamisho huja, mizigo hupakiwa katika lori, na mama wa nyumbani huondoka bila kuonja samaki wa Katunguru hata mara moja. Hiyo ni hasara ya bure. Si pengi katika Afrika ya Mashariki ambapo mtu aweza, kwa safari ya siku moja, kuutazama mlima wenye theluji, kuuvuka mstari wa Ikweta, kupita majini katikati ya viboko, na jioni kurudi nyumbani na kitoweo.

Watu wa ng'ambo huusifu sana mji wa Venice ulioko Italia. Wageni husafiri kutoka pande zote za dunia ili kutazama nyumba zilizosimama juu ya maji na kuchukuliwa kwa mitumbwi myembamba kutoka mtaa hadi mtaa. Wakishikwa na njaa huandaliwa samaki pamoja na polenta, na polenta si kitu kingine ila ugali wa mahindi. Utajiri wa mji ule katika zama zake za kwanza ulitokana kwa sehemu kubwa na biashara ya chumvi. Mkazi wa Kasese akisikia habari hizo ana haki ya kutabasamu. Mfereji anao, samaki anao, ugali anao, na chumvi yake ilipiganiwa na wafalme. Hata jina la Kiitalia halikosekani, kwani kilele kirefu kuliko vyote katika Rwenzori, chenye mita 5,109, huitwa Margherita, jina la malkia wa Italia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1906, wakati mtawala wa Abruzzi alipokifikia kilele kile pamoja na wenzake.

Mfereji wenyewe ni ule wa Kazinga. Haukuchimbwa na mtu yeyote. Ni maji ya asili yenye urefu upatao kilomita 32, yanayoliunganisha ziwa George, lililo upande wa mashariki, na ziwa Edward upande wa magharibi. Mto Nyamwamba na mito mingine ya Rwenzori humwaga maji yake katika ziwa George. Kutoka huko maji hupita Kazinga polepole, huingia Edward, hutoka kwa mto Semliki, hufika ziwa Albert, na mwisho huwa sehemu ya Nile. Kwa hiyo tone la theluji liyeyukalo juu ya Kasese lina safari ndefu ya kwenda Misri. Theluji ile sasa imepungua mno, imebaki kidogo tu ya ile iliyoonwa mwaka 1906. Nao Nyamwamba, unaoonekana mpole wakati wa kiangazi, uliivunja Kilembe kwa mafuriko ya Mei 1, 2013, na ukarudia tena Mei 2020. Mwenye jamaa anayetafuta nyumba ya kupanga bondeni na auulize kwanza mto huo umewahi kufika wapi.

Majina ya maji haya na mbuga yake yamebadilika pamoja na serikali. Mbuga ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na baada ya ziara ya Malkia Elizabeth mwaka 1954 ikapewa jina lake. Katika miaka ya 1970 iliitwa Rwenzori, na ziwa Edward likaitwa Idi Amin Dada tangu 1973 hadi utawala ule ulipoanguka mwaka 1979. Wavuvi waliendelea kutega nyavu zao wakati wote huo, na samaki hawakuulizwa.

Atokaye Kasese mjini hushika barabara ya Mbarara. Njia hupita tambarare kavu, mlima ukiwa mkono wa kulia, na hufika Kikorongo, ambako barabara ya Bwera na Mpondwe huchepuka. Karibu na hapo pana alama za mviringo kando ya barabara zionyeshazo Ikweta. Watoto wasimamishwe pale, mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini. Somo la jiografia litawaingia kuliko kwa ubao na chaki. Mbele zaidi hupatikana daraja la Katunguru, na chini ya daraja ndiyo Kazinga.

Wenye uwezo huenda hadi rasi ya Mweya na kupanda motaboti inayotembea mferejini kwa muda wa saa mbili hivi. Raia wa Uganda hatozwi kiingilio kama cha mgeni wa ng'ambo, naye aende na kitambulisho chake. Viboko, nyati, tembo wanaokuja kunywa, na ndege wa kila rangi huonekana kwa karibu sana. Mamba nao wapo siku hizi, ingawa wazee wa maeneo yale hukumbuka wakati ambapo hawakuonekana kabisa. Asiye na fedha za motaboti asione haya. Hata kule mwaloni Katunguru viboko huonekana, wakivuta pumzi kama watu wazima waliochoka. Ila jambo moja mzazi asilichezee: kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na hurudi kwa njia yake ile ile. Anayesimama kati yake na maji yumo hatarini, awe na bunduki au asiwe nayo. Wavuvi wa mialo hii wamepoteza wenzao kwa njia hiyo, na hawamdhihaki kiboko.

Vijiji vya wavuvi kama Katunguru, Kazinga, Kahendero, Hamukungu, Kasenyi, Katwe na Kayanja vimo ndani ya mbuga au vimezungukwa nayo. Watu wake hawawezi kulima watakavyo, na ng'ombe wao huwa na mashaka ya simba. Riziki yao ni maji. Idadi ya mitumbwi yenye leseni imewekewa kikomo katika kila mwalo, na kwenye ziwa Edward kuna mpaka wa Kongo usioonekana kwa macho. Upepo ukimsukuma mvuvi upande wa pili, aweza kukamatwa na kunyang'anywa nyavu. Samaki anayeletwa sokoni kwa hiyo ni wa gharama kuliko bei yake.

Hapa ndipo mambo ya chungu yanapokutana na mambo ya nidhamu. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kulinda uvuvi nchini, na nyavu haramu nyingi zilichomwa. Sheria hairuhusu kuuza ngege aliye chini ya inchi 11. Mama asiye na rula na atumie mkono: shibiri moja ya mtu mzima na vidole vitatu juu yake, hapo hatakosea sana. Yafaa isemwe wazi kwamba samaki mchanga hafiki jikoni kwa miguu yake. Ikiwa askari huchoma nyavu asubuhi, na jioni jikoni kwake mnakaangwa vingege vya kiganja kwa sababu vilikuwa rahisi, basi kazi ya asubuhi imefutwa. Tena kuna jambo la magwanda. Mwanamke muuza samaki anapomwona mnunuzi mwenye sare, mara nyingi hushusha bei kabla ya kuulizwa, na hushusha kwa hofu wala si kwa ukarimu. Ni vizuri mume akavaa shati la kiraia siku ya sokoni, au amtume mkewe, na bei ipatanwe kama inavyopatanwa na watu wote.

Ngege wa Kazinga hana haja ya mapambo. Akishapaliwa magamba na kuoshwa, achanjwe ubavuni, apakwe chumvi na ndimu, na akaangwe mzima mpaka ngozi iwe kavu. Wengine humpika mchuzi mwepesi wa nyanya na kitunguu, bila mafuta mengi, na mchuzi huo ndio bora kwa mtoto aliyetoka ugonjwani, mradi miba iondolewe. Kambare na kamongo wana mafuta zaidi, nao hupendeza wakikaushwa kwa moshi. Kuna watu wasiomla kamongo kwa mila zao; mgeni asiwacheke. Samaki wa moshi akinunuliwa, avunjwe na kutazamwa ndani: akiwa na unyevu au harufu ya uchachu, aachwe. Akiwa mkavu sawasawa, afungwe katika karatasi na kutundikwa mahali penye hewa, kwani mfuko wa plastiki humfanya atoe jasho na kuota ukungu.

Kutoka Katunguru si mbali kwenda Katwe, kwenye ziwa la chumvi lililomo ndani ya kasoko ya volkano. Chumvi hii ilikwenda mbali kwa vichwa vya wapagazi kabla ya kuja kwa Wazungu. Kabalega wa Bunyoro aliitaka, na Lugard alipofika mwaka 1891 alijenga ngome papo hapo, kwa kuwa aliyeshika chumvi alishika mapato. Katika miaka ya 1970 kilianza kujengwa kiwanda kikubwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, lakini mabomba yaliliwa na maji yale yale yaliyokusudiwa kuvutwa, na magofu yake yangali yanaonekana. Wananchi wamerudia njia ya mababu. Wanaume huingia ziwani na kuvunja mawe ya chumvi chini ya maji kwa mitaimbo. Wanawake hutunza vidimbwi vilivyozungushiwa kingo za udongo, wakingoja jua lifanye kazi yake. Mvua ikizidi, kazi ya majuma huyeyuka kwa usiku mmoja. Maji yale huchubua ngozi na kuchoma jeraha dogo kabisa. Mtazamaji anayekwenda kupiga picha na asisimame juu ya kingo za vidimbwi, kwani kila kidimbwi kina mwenyewe na kimelisha watoto.

Je, chumvi hiyo inafaa nyumbani? Ile ya mawe hulambwa na ng'ombe, na ile safi zaidi watu huitia katika chakula na kuipenda kwa ukali wake. Lakini haitiwi iodini, yaitwayo pia madini joto, na mwili ukikosa madini hayo huota rovu shingoni, na mtoto aliye tumboni aweza kudhurika akili. Kwa hiyo chumvi ya kila siku iwe ile ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini, hasa kwa mama mjamzito. Ya Katwe yaweza kununuliwa kwa kukaushia samaki, au kwa ajili ya mifugo ya nyumbani, na fedha zitakuwa zimefika mikono ileile.

Bwera huachwa mwisho, nako ndiko kwenye chakula kingi. Soko la Mpondwe, karibu na mto Lhubiriha ulio mpakani, hujaa Jumanne na Ijumaa. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa Kongo husikilizana kwa lugha zao, na wengine wote hukutana kwa Kiswahili, hata askari aliyezaliwa Arua au Soroti huweza kununua bila mkalimani. Mawese mekundu, unga wa muhogo, maharage, kahawa ya mlimani na vitenge vyote hupangwa pamoja. Eneo hili limepata majonzi yake. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola uliokuwa Kongo ulivuka hadi wilaya hii, na usiku wa Juni 16, 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Soko lingalipo kwa sababu watu wanakula kutokana nalo. Mgeni anayeombwa na walinzi kufungua kikapu au kunawa mikono na afanye hivyo bila kunung'unika, hata akiwa na cheo.

Chakula cha wenyeji ni bundu, yaani ugali wa muhogo. Maji yachemke sana, unga unyunyizwe huku ukisongwa kwa nguvu mpaka uvutike na kung'aa. Wapishi wengine huchanganya unga wa mahindi ili usinate mno, na mama aliyezoea posho aanze na nusu kwa nusu. Muhogo mchungu una sumu, na huo lazima uwe umelowekwa siku kadhaa na kukauka vizuri kabla ya kusagwa. Unga wenye uchungu ulimini usipewe mtoto. Mwenzi wa bundu ni sombe. Majani machanga ya muhogo huoshwa, hutwangwa katika kinu mpaka yalainike kabisa, kisha huchemshwa katika maji mengi, chungu kikiwa wazi, kwa saa moja au zaidi. Haraka hapa ni hatari, kwa kuwa sumu ya majani huondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sana. Baadaye hutiwa kitunguu, mawese kijiko kimoja au viwili, na karanga zilizosagwa. Yule samaki wa moshi aliyenunuliwa Katunguru huvunjwa vipande, huoshwa kwa maji ya moto, na kutiwa mwishoni, naye hutosha kuwalisha watu sita ambao kwa samaki wa kukaanga wangegombana.

Gari za abiria za kurudi Kasese hujaa mapema siku za soko. Atakayekwenda Ijumaa aondoke Mpondwe kabla ya saa tisa alasiri, mawese yakiwa katika kibuyu au dumu lililofungwa barabara, wala yasiwekwe karibu na unga.