Motokaa ya Kukodi Ugenini

Katika mwaka 2024, siku zile ndege bado zilikuwa zikitua Goma na kupita juu ya mapaa yetu, baba mmoja wa Murara alikuja kwetu jioni. Alikaa, akanywa chai, na hata kikombe kilipokwisha hakusema lililomleta. Mwishowe akafunua. Binti yake alikuwa aolewe Masaka, nchini Uganda. Yeye na mama watoto na shangazi wawili wangevuka Gisenyi na kupanda basi mpaka Kampala, kisha wakodi motokaa kwa siku tatu. Je, aendeshe mwenyewe? Fedha ya dereva ingeongeza zawadi ya arusi.

Tulimjibu kwa kumsimulia aibu yetu wenyewe, nasi twaiandika hapa kwa ajili ya jamaa nyingine.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikodi motokaa Kampala kwenda Masaka huko huko, mwendo wa kilometa 130 hivi. Tulijiona hodari. Goma kwetu motokaa nyingi zina usukani upande wa kuume, kwa kuwa zimetoka Japani. Hivyo mikono yetu haikuwa migeni. Njia ndiyo ilikuwa ngeni. Kongo, Rwanda na Burundi watu hushika upande wa kuume wa barabara. Uganda, Kenya na Tanzania hushika wa kushoto. Abiria wa basi hasumbuki na badiliko hilo mpakani Gatuna, naye pengine amesinzia. Mwendeshaji ndiye mwenye kulipa.

Mjini Kampala hatukukosea, kwa maana magari yalikuwa mengi mbele yetu, tukayafuata kama kondoo. Tukapita ikweta pale Kayabwe, tukapiga picha. Lukaya tukasimama kununua nyama choma na gonja, watoto wakala, tukacheka sana. Kisha tukarudi barabarani. Njia ilikuwa tupu, na mazoea ya miaka mingi yakatupeleka upande wa kuume, wala hatukutambua. Lori likatokea mbele. Mwanzoni tulimkasirikia dereva wake, tukidhani amelewa! Mama watoto ndiye aliyepiga kelele, “Kushoto, Baba Watoto, kushoto!” Tukaingia majanini, lori likapita likipiga honi. Hakuna aliyeumia. Lakini hakuna aliyesema neno mpaka Masaka, na mtoto wetu mdogo alifika akiwa bado ameshika kipande chake cha gonja, hakukila.

Angalieni basi mahali hatari ilipo. Haiko sana katika msongamano wa mji. Iko asubuhi mtu atokapo uani, iko baada ya kula, iko baada ya kununua petroli, kila mara njia iwapo tupu na moyo umetulia. Katika mzunguko wa barabara pia, huko huzungukwa kama mishale ya saa, kinyume cha kwetu.

Yapo na mambo ya hati. Leseni ya Kongo imeandikwa Kifaransa. Yafaa kuchukua pamoja nayo kibali cha kimataifa. Kibali hicho peke yake hakitoshi, leseni yenyewe iwe mfukoni. Bima ile ya lazima humlipa mtu mwingine aliyedhuriwa, haitengenezi motokaa uliyoikodi. Ulizeni kwa maandishi, ajali ikitokea mwenye kukodi atatoa kiasi gani. Ulizeni kama mkataba waruhusu kutoka nje ya mji, na kilometa ngapi kwa siku. Mwenye kusafiri na motokaa yake mwenyewe kutoka Goma, jambo lake ni lingine: huyo atafute ile Kadi ya Manjano ya nchi za COMESA, ambayo ni bima ya kuvukia mipaka.

Nasi tulikatwa sehemu ya amana kwa mkwaruzo wa mlangoni ambao hatukuufanya. Jina la mwenye motokaa hatulitaji, kwa kuwa nusu ya kosa ilikuwa yetu: tulitia sahihi kwa haraka, hatukuizunguka motokaa wala kuipiga picha. Hata jeki hatukuitazama. Tulikuja kujua jioni kwamba haimo.

Yule baba alisikiliza yote. Akauliza, dereva akilala Masaka, kitanda na chakula ni juu ya nani? Tukamwambia mara nyingi ni juu ya mwenye kukodi, na wapatane kabla ya kuondoka. Akahesabu kwa vidole: dereva, yeye mwenyewe, mama, shangazi wawili, watano, wanaenea. Kisha akaanza kuhesabu upya, maana alikuwa amekumbuka mizigo ya shangazi.